Ngiri Aliyesahau Jina Lake

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na kiu?

Ikapata maji.

Na kiu isiyokatwa na maji?

Hiyo tusimulie.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakialikana pombeni, paliondokea Ngiri. Jina alilopewa na mama yake alikuwa nalo, lakini mimi nalificha kwanza. Alikuwa na binti mmoja, Somoe, akimpenda sana. Akaipenda na pombe ya mtama ya Mama Kanga. Hapo ndipo penye kisa.

Siku ya kwanza alikunywa mpaka mtungi ukabaki mtupu. Nyani akasema, "Huyu bwana ndiye Mtungi mwenyewe." Wakaangua kicheko. Ngiri akaona kasifiwa, akaimba:

"Naitwa, naitika,
nimiminie, nameza."

Siku ya pili alilewa, akalala katikati ya mihogo ya Kobe. Kobe akamwita Chakari. Ngiri akaimba:

"Naitwa, naitika,
nimiminie, nameza."

Siku ya tatu akanywa mpaka machicha, akarudi akiyumba, akiamkiana na miti. Watoto wakamfuata nyuma, "Chapombe! Chapombe!" Akaimba vilevile. Wewe unayecheka huko nyuma, ngoja kwanza.

"Baba, una jina lako," Somoe akamwambia.

"Jina ni jina tu, mwanangu, mradi naitika."

Basi Somoe akaolewa, akajifungua mtoto wa kiume. Na desturi yao ilikuwa hii: mjukuu wa kwanza hurithi jina la babu, na babu mwenyewe hulitamka mlangoni. Lisipotamkwa, mtoto hatolewi nje kuonyeshwa jua.

Asubuhi ya siku ya kulitamka jina Ngiri akapitia kwa Mama Kanga kusafisha koo. Nanyi mnalijua koo la mlevi, halisafishiki upesi. Alipofika, jua lilikuwa limeshapanda.

"Shikamoo, baba," akasema Somoe. "Tunangoja jina."

"Mtungi," akasema Ngiri. Wageni wakacheka.

"Chakari." Wakacheka kidogo.

"Chapombe." Hakucheka mtu.

Jina lake halikuja. Akamtazama Nyani, akamtazama Kobe, nao hawakulijua.

"Mwanangu, wewe unalijua. Nisaidie."

"Nalijua, baba. Lakini simpi mwanangu jina ambalo mwenyewe haliitikii."

Akafunga mlango, mtoto akabaki gizani. Ngiri akalia palepale mbele za watu, maana aibu ilimshika kwelikweli.

Akarudi kwake, akakaa bila pombe. Mwili ukamtetemeka, usingizi ukamkimbia. Kichwa kilipotulia, akamkumbuka marehemu mama yake akimwita kwa jina lake aje kula. Akainuka, akashika njia ya kwa Somoe.

Kwa Mama Kanga wakamwona. "Mtungi, karibu!" Kimya. "Chakari!" Kimya. "Chapombe!" Hata sikio hakugeuza.

Akapiga magoti mlangoni. "Hodi, mwanangu. Naitwa Chande."

Mlango ukafunguka. Somoe akatoka na mtoto, jua likampiga usoni, mtoto akapiga chafya.

"Chande," Somoe akamwambia mwanawe, "msalimie Chande."

Tangu siku hiyo Ngiri hula amepiga magoti, asije akalisahau jina lake tena.

Wanangu, mlevi hapungukiwi majina, kila kilabu humwongezea lake. Lakini jina unaloitikia ndilo utakalowaachia wanao, basi angalieni mnaitikia nini.

Ngano yangu nimeifunika. Mwenye kiu nayo aende akaifunue kwao.