Viti Viwili vya Hibari

Haya, anayetafuna atafune polepole na mwenye simu aifunike, maana hadithi hii ina viti viwili tu, na mwishoni mtatakiwa kumpandisha mtu.

Palikuwa na watu watatu mjini Tanga, kila mmoja na kipaji chake. Saumu alisoma Nagoya miaka minne, akarudi anasoma Kijapani kama wengine wanavyosoma bei ya nyanya. Fundi Kilua alikuwa na sikio: ukipita na gari mbele ya gereji yake, alikutajia ugonjwa wake kabla hujasimama. Bi Mwantumu, mama yake Saumu, alikuwa wakala wa kutoa magari bandarini kwa miaka ishirini, na bei ya gari aliinusa likiwa bado baharini.

Katikati yao alikuwepo Singano: baba wa Saumu, rafiki wa Kilua, mtalaka wa Mwantumu. Aliendesha lori miaka thelathini, na alipenda kusema kwamba amevuka mipaka mitano na kupotea katika yote. Hamu yake ilikuwa moja. Alitaka gari dogo la mbio la Kijapani, la gia za mkono, alipandishe kona za kutoka Mombo hadi Lushoto, zile alizozipanda maisha yake yote na shehena ya saruji kwa mwendo wa kinyonga. Gari linalojibadilishia gia lenyewe, alisema, ni sawa na kulishwa kwa kijiko.

Ndipo daktari wa macho alipompima na kumwambia bila kuzunguka:

"Hii ni presha ya macho, mzee wangu. Mchana bado unaona vya kutosha, ila usiendeshe bila mtu pembeni. Mwisho wa Machi unakuja hapa, unaniachia leseni."

Hapo ilikuwa Agosti. Mwezi huohuo uvumi ukawaka. Kampuni moja ya Japani ilikuwa ikiandaa gari liitwalo Hibari, la viti viwili, kwa madaraja matatu: la chini, la kati na la juu. Bei ilikuwa siri. Katika kundi la wapenda magari kwenye simu, huyu aliapa yeni milioni tatu, yule milioni sita, na wote walidai kuwa na binamu anayefanya kazi kiwandani.

Wakala mmoja wa Yokohama alikubali kupokea oda kabla gari halijatangazwa. Sharti lake lilikuwa kali: utaje daraja moja na bei ya juu kabisa utakayolipa, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Ukikosea daraja, utaletewa hilohilo ulilotaja. Bei yako ikiwa chini ya itakayotangazwa, oda imekufa. Atakayechelewa atasubiri mwaka mzima, na Singano hakuwa na mwaka. Malori yake mawili alikuwa ameshayauza.

Jumatano, kundi zima lilisema gia za mkono zitakuwa kwenye daraja la juu, na Singano alikuwa keshaandika hivyo kwenye fomu. Saumu akaifungua kwenye simu picha ya karatasi iliyovuja kiwandani. Wengine waliangalia gari. Yeye alisoma maandishi madogo ya chini, yale madogo kama chawa. Akamshika baba yake mkono.

"Baba, futa. La juu linajibadilisha lenyewe. Gia za mkono zipo kwenye la kati tu."

Alhamisi, Singano akapata homa ya shaka. Wiki ile zilikuwa zimezagaa karatasi tatu, kila moja ikimkana mwenzake. Ya Saumu ikiwa ya kughushi? Kilua akatafuta video iliyovuja, gari likipanda mlima limefunikwa turubai la madoa, magurudumu tu ndiyo yanaonekana. Akanyamazisha gereji nzima, akaiweka simu sikioni, akaisikiliza mara nne.

"Kabla ya kona huyu dereva amekanyaga klachi. Hapo, mguu umeinuka. Na rimu ni zile za daraja la kati kwenye karatasi ya mtoto. Andika, ndugu yangu, mimi nakusainia kwa masikio yote mawili."

Ijumaa, saa nne na nusu, kilichobaki ni bei. Singano alitaka kuandika milioni tatu na nusu. Hapo Mwantumu, ambaye hakuwa ameketi katika nyumba ya Singano kwa miaka kumi na moja, akavuta kiti.

"Baba Saumu, hiyo bei ya kwenye simu ni ya bodi tupu. Magari ya kampuni hii nimeyatoa bandarini tangu nikiwa sina mvi. La kati huwa wanalipandisha bei. Andika milioni nne na laki mbili. Ukizidisha hapo, ushuru unakula nyumba."

Akaandika. Bei ilipotangazwa, daraja la kati lilikuwa milioni nne, laki moja na elfu tisini.

Lakini meli ilichelewa. Ilichelewa Januari, ikachelewa tena Februari. Hibari ilitoka geti la bandari siku moja kabla ya miadi ya daktari, saa tatu asubuhi. Singano akajisukumiza ndani akicheka, kama sofa inayopitishwa mlango mwembamba. Mkono wake wa kushoto ukaikuta gia, na hakucheka tena.

Wote watatu walikuwa wamesimama pembeni.

"Baba," Saumu akasema, "utotoni nilikuwa naona mgongo wa lori tu."

Kilua akajifuta mikono iliyokuwa safi tayari. "Miaka thelathini nimelala chini ya magari yako. Pembeni yako sijawahi kukaa."

Mwantumu alikuwa amefunga mtandio wa safari. "Mwaka tuliooana ulisema ukipata siku moja ya nafasi utanipeleka Lushoto. Siku yenyewe ni leo."

Wewe wa nyuma unayesema wapokezane njiani, kona za Mombo atazipanda mara moja tu; siku hizi ikifika saa tisa alasiri macho yake huingiwa na ukungu. Na wewe unayesema aende peke yake, daktari amekataza.

Bila Saumu, lingekuja gari asilolitaka. Bila Kilua, asingethubutu kusaini. Bila Mwantumu, oda ingekufa siku bei ilipotangazwa. Injini inaunguruma. Kidole cha Singano kipo juu ya kitufe cha mlango wa kushoto, na watu watatu wanakitazama.

Je, ungekuwa wewe, ungemfungulia nani?