Kizibao, Mkanda na Viatu vya Kengewa

Hapo zamani, kwenye milima ya Taita, upande ule unaotazama nyika, aliishi mwanamke jina lake Wakesho. Wakesho alikuwa na mbwa jike aitwaye Kengewa, na milima yote haikuwa na mbwa wa kumfikia. Mbwa wengine hunusa udongo, hunusa majani. Kengewa alinusa jiwe. Mtu akipita asubuhi juu ya mwamba mtupu, jioni Kengewa angemfuata, mwamba kwa mwamba, kama aliyeshikwa mkono. Mama yake alikuwa na pua hiyohiyo, na bibi yake pia. Lakini ukoo ule ulikuwa umekwisha, huyu kaliwa na chui, yule kafa kwa homa, akabaki Kengewa peke yake. Na wakati huu ninaousimulia alikuwa na mimba, tumbo limeshuka.

Wakesho alikuwa pia na kaka mmoja tu, Righa, mrina asali. Righa aliteremka nyikani, akavuka mto, akaingia kwenye uwanda wa mawe meusi, yale mawe yaliyotapikwa na ardhi yakapoa yakiwa na makali kama vigae. Humo nyuki hukaa mapangoni. Alisema atarudi kabla mwezi haujaandama. Mwezi ukaandama. Righa hakurudi.

Vijana wakatumwa. Wakarudi vichwa chini.

"Tumefuata nyayo zake mpaka kwenye mawe. Pale zinapotea. Dada, anzeni matanga."

Wakesho hakulia. Alimtazama Kengewa, akalitazama lile tumbo, akaogopa.

Maana aliijua ile njia. Kwanza uko mgongo wa mlima, na kilikuwa kipupwe, ukungu wa huko juu unapenya hadi kwenye mfupa. Halafu uko mto, na mvua ya mbali ilikuwa imeujaza. Halafu yako mawe meusi, jua likiyapiga yanawaka kama kikaango. Kiangazi kilichopita Kengewa alirudi kutoka huko akiacha damu kila alipokanyaga. Masika yake nusura achukuliwe na maji. Kipupwe cha mwaka uliopita alitetemeka hadi akashindwa kula. Sasa misimu yote mitatu ilikuwa imejipanga kwenye njia moja, na mbwa mwenyewe ana mimba.

Majirani waliposikia anakwenda wakamletea vitu. Huyu kengele ya shingoni, yule vikapu vya kumbebesha mgongoni, mwingine ngao ya kumfunga kifuani dhidi ya nguruwe. Wakesho akavirudisha vyote.

"Mbwa wangu si punda, wala haendi vitani. Nataka kitu cha baridi, kitu cha maji, na kitu cha mawe. Basi."

Akaenda kwa shangazi yake, Mkamburi, mjane aliyekaa peke yake.

"Shangazi, nataka kitu cha baridi."

Mkamburi akaingia ndani, akatoka na blanketi la ngozi za pimbi. Marehemu mumewe ndiye aliyewatega wale pimbi, na ndilo lililobaki la mkono wake. Akalikunja, akalipima kwenye mgongo wa Kengewa, akalishona kizibao chenye kufunika tumbo. "Nakuja nalo," akasema. "Halitoki machoni pangu."

Akaenda kwa Maghanga, msokota kamba.

"Kaka Maghanga, nataka kitu cha maji."

Maghanga akasuka mkanda wa katani, ukazunguka kifua cha Kengewa, ukapita nyuma ya miguu ya mbele, usimkabe shingo wala usimbane tumbo. Akaufungia kamba ndefu. "Nakuja nayo," akasema. "Nami nitakuja na Mshindo wangu, Kengewa asiwe peke yake." Mshindo alikuwa mbwa wake dume, aliyelala mlangoni kwake tangu akiwa mchanga.

Akaenda kwa Mshila, fundi ngozi.

"Mjomba, nataka kitu cha mawe."

Mshila akakata ngozi ya shingo ya fahali, akashona viatu vya miguu yote, akavipaka mafuta vikalainika. "Mbwa akivaa kiatu kibaya anakaa chini," akasema. "Nitakuja kumvisha mwenyewe."

Wakaondoka.

Juu mlimani upepo uliwapokea kwa manyunyu. Kengewa alikwenda ndani ya kizibao chake, manyoya yameelekea ndani, maji yakiteleza nje. Wakesho akaingiza mkono chini ya kizibao, akapapasa tumbo. Lilikuwa na joto. Vitoto vikacheza.

Mshindo hakuwa na kitu. Mwanzo alikohoa. Kisha akaanza kutetemeka, akawa anasimama, anatembea, anasimama. Maghanga akamfunika shuka lake, shuka likalowa.

"Shangazi," Maghanga akasema, "hebu wabadilishane kidogo. Mpaka pale kwenye miamba tu."

"Ukimvua huyu umewavua na waliomo tumboni," Mkamburi akajibu.

"Kidogo tu, Shangazi. Mtazame."

"Nimemtazama, mwanangu. Kizibao ni kimoja."

Maghanga akamgeukia Wakesho. Wote wakamgeukia. Vidole vya Wakesho vilikuwa tayari kwenye fundo la kizibao. Akalishika lile fundo. Hakulifungua. Akaangalia chini, akaanza kutembea, na Kengewa akamfuata.

Mshindo akalala kwenye majani ya kangaga. Maghanga akamwita, akamsugua, akambeba hadi mikono ikafa ganzi. Alipomweka chini, mbwa alikuwa amekwisha. Maghanga akamfunika kwa mawe. Aliporudi njiani alisema neno moja.

"Twende."

Wakateremka. Ukungu ukabaki juu, joto likawapanda miguuni. Kengewa akaanza kuhema, ulimi nje.

"Mvue," Mshila akasema.

"Upepo bado upo," Mkamburi akasema. "Yule mwingine si mmemwona?"

"Mkamburi, anaiva ndani ya hizo ngozi!" Mshila akajibu.

Miguu ya Kengewa ikayumba. Safari hii Wakesho hakungoja. Akakata shauri, akafungua fundo, akamvua, akammwagia maji ya kibuyu kwapani na tumboni. Akapapasa. Kimya. Akapapasa tena. Vikacheza. Mkamburi akakitupa kizibao begani.

Wakafika mtoni. Maji yalikuwa mekundu na yanakwenda na matawi. Maghanga akatangulia, akavuka akiwa amefunga kamba kiunoni, akaikaza kwenye mti wa ng'ambo. Mkamburi na Wakesho wakavuka wakiishikilia. Kisha Maghanga akairudisha kamba, Mshila akaifunga kwenye mkanda wa Kengewa, mbwa akaingia majini huku Maghanga akivuta. Mshila alibaki ukingoni, mfuko wa viatu begani, kisu kiunoni.

Katikati ya mto gogo likaja. Likampiga Kengewa ubavu, likamsukuma chini kwenye kisiki kilichojificha, na mkanda ukanasa. Maghanga akavuta. Kengewa akazama. Akavuta zaidi. Akazama zaidi.

"Legeza!" Mshila akapiga kelele.

"Nikilegeza anakwenda na maji!"

"Unamzamisha!"

"Kamba ndiyo inayomshika!"

Na yote mawili yalikuwa kweli. Wakesho aliona pua ya Kengewa ikitoka, ikizama, ikitoka.

Mshila akajitupa. Akafika kwenye kisiki, akaukata mkanda, akamkumbatia mbwa kwa mkono mmoja na kwa mwingine akashika jabali. Gogo la pili likashuka. Aliliona. Angeachia jabali angeuokoa mkono, lakini mbwa angekwenda. Hakuachia. Gogo likaubana ule mkono kwenye jabali, wote wakasikia alivyopiga ukelele. Maghanga akarusha kamba, akawavuta mpaka nchi kavu.

Kengewa akatapika maji, akasimama. Wakesho akapapasa tumbo. Kimya. Kimya. Kisha kimoja kikapiga teke, kidogo sana.

Mkono wa Mshila ulikuwa umevimba, vidole vimegeuka. Na mfuko wa viatu ulikuwa umekwenda na maji.

Mbele yao, mawe meusi yalikuwa yanatoa mvuke wa joto.

"Turudi," Mshila akasema, akiuma meno. "Bila viatu hafiki hata nusu. Utawapoteza wote, mwanangu. Kaka na mbwa na watoto."

Maghanga akaanza kukunja kamba. Wakesho akaona wanarudi. Aliona jinsi walivyoigeukia njia ya nyumbani. Ndipo neno likamtoka.

"Nisikieni. Ambaye kazi ya mikono yake itamfikisha mbwa huyu kwa kaka yangu na kumrudisha hai, huyo atakuwa wa kwanza kuchagua katika watoto wa Kengewa. Naapa kwa kaburi la mama."

Mkamburi akakitoa kizibao begani. Akakitandaza magotini, akakipitishia kiganja, mara moja, kama anayemlaza mtoto. Kisha akanyoosha mkono kwa Mshila.

"Kisu."

Akakikata. Maghanga akaufumua mkanda uliobaki, akasokota nyuzi. Mshila, mkono mmoja umefungwa kifuani, akaelekeza.

"Kunja ngozi mara mbili chini ya unyayo. Manyoya ndani. Fundo likae juu ya kifundo, si chini. Usikaze hivyo, vidole vitakufa! Legeza. Hapo. Acha kucha zitokeze ashike jiwe."

Kengewa akainua mguu, akautikisa, akauangalia. Akaweka chini. Akatembea.

Wakaingia. Joto lilitoka juu na lilitoka chini. Kengewa alishusha pua akaanza, jiwe kwa jiwe, akipoteza, akizunguka, akipata. Ngozi zikachanika, wakasimama wakabadilisha kwa vipande vilivyobaki, Mshila akielekeza, Maghanga akifunga, Mkamburi akikata. Vipande vikapungua. Kipande cha mwisho kilipofungwa, Wakesho aliangalia mbele, hakuona kitu ila weusi. Hakuuliza watarudije.

Kengewa akasimama juu ya tundu, akabweka.

Toka chini, sauti kavu kama majani ikasema, "Kengewa?"

Righa alikuwa ameanguka pangoni, mguu umevunjika. Asali na maji yaliyodondoka kutoka dari la pango ndivyo vilivyomweka hai. Wakesho akalala kifudifudi kwenye mawe yaliyomchoma, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni, mpaka kamba ya Maghanga ikampandisha juu. Wakangoja jua litue, mawe yakapoa, wakatoka humo wakimbeba Righa, Kengewa akichechemea, na mto ulikuwa umepungua, na mlimani upepo ulikuwa umetulia.

Kengewa alizaa baada ya kufika nyumbani. Watoto wawili walitoka wamekufa. Wa tatu hakulia. Wakesho akampulizia puani, akamsugua, akampulizia. Akalia. Jike. Na tangu hapo, Kengewa hakubeba mimba tena.

Mtoto alipofumbua macho wakamweka juu ya jiwe uani, akashusha pua, akafuata harufu juu ya mawe hadi mahali Righa alipokuwa amepita na mkongojo wake. Watu wakatazamana. Siku hiyohiyo watatu wale wakafika kwa Wakesho, na hawakusalimiana.

Mkamburi akasema, "Mwanangu, kizibao changu kilimvusha mlima. Kizibao hichohicho kikawa viatu vyake. Alichokanyaga mpaka kwa Righa ni ngozi zangu. Sina tena kitu cha mume wangu. Ninalala peke yangu, na chui anazunguka nyumba. Mtoto ni wangu."

"Kizibao chako nusura kimpike," Mshila akasema.

"Na viatu vyako havikugusa hata jiwe moja!"

Maghanga akasema, "Mkanda wangu ulimshika majini. Mnasema ulimzamisha, lakini bila mkanda, gogo lile lingempeleka wapi? Nyuzi zangu zilifunga ngozi miguuni. Kamba yangu ilimtoa Mshila, ikamtoa na Righa. Nami nina kaburi la mawe mlimani. Nilimwomba Shangazi kizibao, nikakuomba na wewe, Wakesho. Hamkunipa. Nikaendelea. Mtoto ni wangu."

Mshila akasema, "Viatu vyangu vilipotea kwa sababu nilichagua mbwa. Kama si kisu changu, kizibao kingebaki kizibao, na nyuzi zingebaki kisikini. Nani aliyejua ngozi inavyovikwa mguu? Wakesho, uliapa kwa kazi ya mikono." Akauinua mkono wake, vidole vimekauka, havikunjiki. "Mimi fundi ngozi sitashona tena. Watoto wangu wataishi kwa kuwinda, na hawana mbwa. Mtoto ni wangu."

Righa, aliyekuwa ameketi mlangoni, akafumba macho. Wote watatu walikuwa wamemtoa shimoni.

Wakesho akamchukua mtoto wa mbwa mikononi. Akamtazama shangazi aliyemkatia kizibao. Akamtazama Maghanga, akaviona tena vidole vyake mwenyewe juu ya lile fundo. Akautazama mkono wa Mshila. Kiapo kilikuwa kimoja. Mtoto alikuwa mmoja. Na watatu wale walikuwa wameapa nao, kila mmoja kimoyomoyo, kwamba akitoka uani mikono mitupu hatakanyaga tena hapo.

Akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mikono.

Mimi namwachia hapo, mikono imenyooka, mtoto analia. Kwa nani, sisemi. Semeni ninyi mliosafiri nao tangu mlimani: Je, nani alistahili?