Kompyuta Iliyosomwa kwa Kidole

Kiselema ni jembe lililolika kwa kulima hadi likabaki kipande. Mkulima asiyeona mbali hukitupa uani, akakimbilia dukani kununua jembe jipya. Wahenga, waliouelewa udongo, walitukanya tusikidharau. Watu wa Dundori, ambao viazi ndiyo maisha yao, wanaijua methali hiyo tangu utotoni. Hata hivyo, kuijua methali si kuikumbuka siku yake ikifika.

Katika chumba kidogo nyuma ya kanisa palikuwa na kompyuta moja kuukuu. Ilikuwa imetolewa na ofisi fulani ya mtaa wa Milimani, Nakuru, ilipoichoka. Ilikuwa nzito kama gunia la mbegu, na ikiwashwa ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Wangare aliipenda hivyo hivyo. Alikuwa ameacha shule darasa la sita, mama yake alipojifungua pacha kisha akaugua. Sasa, akiwa na miaka ishirini, alikuwa akisoma upya. Mwalimu Nicodemus, mstaafu aliyekitunza chumba hicho, alimwekea masomo yote ya darasa la saba ndani ya kompyuta hiyo. Kila alasiri, kabla ya kwenda kukamua ng'ombe, Wangare aliketi mbele yake akisoma neno kwa neno, kidole kikitembea juu ya kioo. Alikuwa na haya nyingi. Mtu akimsalimu, alijibu akivitazama viatu vyake.

Jumatatu moja alifika Lewis, mpwa wa mwalimu, ambaye alikuwa akisomea kompyuta katika chuo kimoja mjini Nakuru.

"Anko, hii desktop ni ya kitambo sana!" alisema akicheka. "Wacha nikuwekee mpya, ing'ae kama simu ya bwana harusi."

Desktop aliyoitaja ni ile sura mtu anayoiona kompyuta ikishawaka: picha, madirisha na vitufe vya kubofya. Lewis alikuwa amenunua bando ya intaneti ya siku moja. Alipomaliza kupakua, aliona bando bado ni nyingi, na bando isiyotumika hufa siku ikiisha. Hakutaka ife bure. Akapakua desktop ya pili, kisha ya tatu, zote akazishindilia ndani.

Kesho yake kompyuta iliwaka, ikaomba neno la siri. Wangare aliliandika. Kioo kikawa cheusi tititi, kisha kikaomba neno la siri tena. Akaandika tena, kikaomba tena, kama bawabu mlevi anayekuuliza jina lako kila ukipiga hatua. Lewis aliihangaikia siku mbili. Aliizima, akaiwasha, hata akaizaba kofi ubavuni.

"Ni uzee, Anko," alisema hatimaye. "Muite mtu wa skrapu."

"Na masomo ya Wangare?"

"Yako ndani. Lakini kuyafikia, sijui."

Mwalimu alishusha pumzi. Akampigia simu Miraji, mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akaahidi kuja Alhamisi saa sita. Wangare, aliyekuwa akifagia chumba, aliuacha ufagio. Darasa jingine hakuwa nalo.

Alhamisi asubuhi alifika mapema, kanga ya kichwani ingali na umande.

"Mwalimu, naomba nikae nayo mara ya mwisho."

"Kaa, mwanangu."

Katika kufagia kwake, alikuwa amemwona Lewis akibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ukatokea ukurasa mweusi wenye maandishi meupe matupu. Naye akavibonyeza. Maandishi yakamwagika. Lewis alizoea kuyaruka mistari kwa mistari kama mbuzi arukaye ua wa jirani. Wangare hakujua kuruka. Aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma, akanakili daftarini, akaenda kwenye la pili. Chai yake ikapoa. Ghafla kidole kikasimama.

"Mwalimu," aliita kwa sauti ndogo, "'space' si ni nafasi?"

"Ndiyo."

"Basi inasema haina nafasi. Imesema hivyo mara saba."

Lewis alisogea na kikombe chake mkononi. Akatazama, masikio yakamwaka moto.

"Woi! Diski imejaa!"

"Ni kama stoo," alisema Wangare, akiliangalia daftari lake. "Ukijaza viazi mpaka mlangoni, wewe mwenyewe utaingilia wapi?"

Wakaanza kazi. Lewis alitaja maagizo, Wangare akayaandika herufi kwa herufi bila kukosea hata nukta. Kwanza waliyafuta mafurushi ya faili yaliyopakuliwa. Kisha wakaziondoa desktop mbili. Lewis alitaka kuibakiza ya tatu kwa sababu ya urembo wake.

"Huyu ni mzee, Lewis," Wangare alimwambia. "Usimbebeshe gunia. Hakuna nyepesi?"

Ilikuwepo moja ndogo, isiyo na madoido, iliyotengenezewa mashine za zamani. Lewis akanunua bando nyingine, wakaipakua na kuiweka, ile nzito wakaing'oa, wakaizima kompyuta na kuiwasha.

Hapo hapo Miraji akabisha hodi, mizani begani.

"Niaje watu wangu! Mzigo ndio huu? Hii ni kilo kumi safi!"

Wangare aliandika neno la siri. Kioo kikawa cheusi. Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena. Kioo kikabaki cheusi. Miraji akasogea, akainyooshea mikono kompyuta. Mara kioo kikapata rangi ya samawati, na katikati yake yakatokea masomo ya darasa la saba, yote, mahali pake.

"Haiuzwi!"

Sauti ilikuwa kali hata kuku waliokuwa nje wakatimka. Wangare alikuwa amesimama kati ya Miraji na meza, akimtazama usoni.

"Sawa, dada, usinipige!" Miraji alirudi nyuma huku mikono juu. "Nimepanda mlima huu wote bure. Basi hata chai?"

Mwalimu Nicodemus alicheka hadi machozi, akaenda mwenyewe kumimina chai. Lewis alivuta benchi, akaketi kando ya Wangare.

"Hebu nionyeshe vile unasoma," alimwambia kwa upole. "Mimi naona huwa napita mbio."

Wangare alimpisha, akaweka kidole kwenye kioo.

"Anzia hapa," alisema. "Na usiruke."

Naam, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.