Vibao Vitano vya Maziwa

Aliyebeba kibao hajabeba duka.

Mmemsikia mama wa mizani ya maziwa akimwambia Erasto hivyo asubuhi hii, alipopanda kilima chote na kopo lenye jina lake kwa herufi kubwa, kumbe kopo lenye maziwa ameliacha jikoni. Mmecheka, halafu mmekuja kuniuliza ni maneno ya nani. Wapo wanaosema ni ya mababu. Si ya mababu. Aliyeyasema bado anakamua mpaka leo, na mimi nilikuwepo. Sogeeni basi, foleni yenyewe haiendi, na hao waliotuwekea mpimaji mmoja kwa watu themanini hawana haraka na mtu. Methali hii chanzo chake ni hiki.

Zamani kidogo hapa Ihangilo hapakuwa na tangi la kupoozea maziwa. Gari la kiwandani lilikuja asubuhi tu. Maziwa ya jioni yalilala, yakaamka yameganda, tukawamwagia nguruwe. Nguruwe wa kijiji hiki wakanenepa kuliko watoto, na walionenepa kuwazidi wote walikuwa wa mtendaji wa kijiji, msiniulize kwa nini. Akina mama wafugaji wakaunda kikundi. Mwenyekiti wao alikuwa Sikitu Mwalongo, mwenye ng'ombe watatu na mdomo wa watu watano. Wakasikia kwamba wilayani lipo tangi moja, litapewa kijiji kitakachopeleka maombi yaliyokamilika: barua, orodha ya wafugaji, idadi ya lita na muhtasari wa mkutano. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Tukilikosa hilo, la pili hakuna aliyejua litakuja mwaka gani.

Maombi yaliandikwa na Wende, karani wa ofisi ya kijiji, binti mpole aliyesomea kompyuta. Kompyuta ilikuwa moja. Ilikuwa ya kijiji, maana yake ilikuwa ya mtendaji, Bwana Kihwele. Mimi nilikuwa mlinzi wa ofisi ile, na kufagia nilifagia mimi kwa mshahara uleule, kwa hiyo niliiona kila siku.

Wende alikuwa na mpango wake. Kila barua aliihifadhi ndani, kwenye mafolda, kwa mwaka na kwa jambo lake. Lakini Kihwele alikuwa na imani yake moja: kisichoonekana kimepotea. Akataka kila barua iwekewe kipicha mbele, pale kioo kinapowaka tu, ukikibonyeza kikupeleke kwenye barua yenyewe. Nyie mnaviita shotikati. Vipicha vikaongezeka, vikajaa kutoka ukingo hadi ukingo kama maharage yaliyoanikwa kwenye mkeka. Mtu akija kutafuta barua yake, Kihwele anapitisha kidole kwenye kioo, "iko hapa, ilikuwa hapa, subiri, iko hapa," mpaka mtu anakumbuka ameacha mboga motoni.

Sikitu alipita kila wiki.

"Kamwene, mtendaji. Maombi yetu yapo?"

"Yapo, mama. Tazama mwenyewe."

Akishindwa kukiona kipicha cha juzi, anamwamuru Wende aweke kingine. Hivyo ndivyo vilivyofika vitano, vyote vimeandikwa Maziwa.

Siku moja Wende akathubutu. "Bosi, niruhusu nipange hapa mbele. Tubakize vile vya kila siku, vingine niviondoe. Barua zenyewe ziko salama ndani."

"Uondoe?" Kihwele akamtazama kama aliyeomba kuchoma ofisi. "Binti, ukifuta hapo umefuta kijiji. Kodi ya nani utaiona? Shamba la nani?"

"Bosi, hizi ni alama tu."

"Alama ndiyo serikali," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ikafika Alhamisi. Kwa akili ya kawaida, wa kwenda wilayani ni Wende, aliyeandika. Lakini safari ilikuwa na posho, na posho ikishatajwa, ofisini hapakosi mtaalamu. Kihwele akagundua ghafla kwamba anaijua kompyuta kuliko karani wake. Akachomeka flashi, akavikusanya vile vipicha vitano vya Maziwa, akavihamishia humo vyote.

"Nimebeba vitano," akaniambia huku nikifagia chini ya miguu yake. "Kimoja kikigoma, vinne vipo. Huo ndio uongozi."

Mimi niliyeishia darasa la tatu nikaona kweli huyu ni mtu makini. Msinicheke. Nanyi mngeona hivyo hivyo.

Kesho yake tukaenda watatu: Kihwele, Sikitu na mimi, kwa sababu masharti yalitaka wafugaji wawili wafike wenyewe, na mimi nina ng'ombe mmoja. Saa tano kasorobo tulikuwa mbele ya meza ya afisa mifugo, Bi. Chaula, mama mwenye miwani na sauti ya chini. Kwenye benchi la nyuma yetu walikaa watu wa kijiji kingine na jalada lao la karatasi, wakisubiri sisi tuharibu.

Bi. Chaula akachomeka flashi. Akabonyeza Maziwa ya kwanza. Akasubiri. Akabonyeza ya pili. Akavua miwani, akaifuta, akabonyeza ya tatu.

"Bwana Kihwele, haifunguki."

"Jaribu hiyo ya nne, mheshimiwa. Ndiyo nzima kuliko zote."

Ya nne ikawa kama dada zake. Ya tano vilevile. Mmoja wa wale wa benchi akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani.

"Humu hamna barua," akasema Bi. Chaula. "Umeleta alama tano zinazosema barua iko kwenye kompyuta ya kwenu. Barua yenyewe hukuibeba."

Sikitu ndiye aliyeuliza. "Samahani, mwanangu, mimi sijasoma mambo haya. Ni kama kile kibao cha barabarani chenye mshale, kinachosema duka liko kule?"

"Hivyo hivyo, mama."

Sikitu akamgeukia mtendaji taratibu, akafunga vizuri ncha ya kitenge chake.

"Baba Kihwele, yaani umeng'oa vibao vitano njiani ukatusafirishia mpaka huku. Aliyebeba kibao hajabeba duka."

Hakupaza sauti. Lakini wale wa benchi walicheka mpaka mmoja akaangusha jalada lao, na Bi. Chaula mwenyewe akageukia dirishani, mabega yakamtikisika. Tangu dakika ile maneno yale hayakurudi tena kinywani kwa Sikitu peke yake.

Kicheko hakileti tangi, na saa ilikuwa inakwenda. Kihwele akampigia Wende, simu akaiweka sauti ya nje.

"Wende, fungua Maziwa."

"Bosi, hapa mbele hakuna Maziwa. Umeondoka nayo yote."

Kihwele akakaa chini. Uso ukamtoka jasho, na baridi ya huku kwetu mnaijua. "Basi nimeyapoteza," akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia kiongozi akisema nimepoteza badala ya imepotea, nikamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Sikitu akamnyang'anya simu. "Wende mwanangu, ameng'oa vibao. Duka lipo?"

"Lipo, mama. Halijatoka ndani hata siku moja."

"Basi tuletee."

Bi. Chaula akataja namba yake. Wende akaingia kwenye folda zake, akayakuta maombi yamekaa palepale alipoyaweka, akayahamishia kwenye simu yake. Sasa ofisini kwetu simu inaita tu, intaneti haifiki, wakubwa waliahidi mnara tangu uchaguzi ule na ule mwingine. Binti akapanda mbio mpaka kanisani juu, akatuma kwa bando lake mwenyewe. Sisi huku tunatazama saa ya ukutani. Wale wa benchi walikwisha kusimama. Saa sita kasoro dakika nane simu ya Bi. Chaula ikalia, kurasa zikaanza kutoka kwenye mashine, zingali na joto.

Akaanza kuhakiki majina, anasoma, Sikitu anajibu. Akafika namba saba.

"Tumwidike Ngailo."

Sikitu akanigeukia. Yule alikuwa mke wangu. Ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba na daftari kukusanya majina yale, akafariki miezi minne kabla ya siku hiyo. Zahanati yetu ilikuwa na kila kitu ukutani na hakuna kitu kabatini, lakini hayo tuyaache. Nikamwona Kihwele anataka kusema marehemu, akaogopa orodha isije ikakataliwa, akatazama saa. Nikasema mwenyewe.

"Hayupo, mama. Ng'ombe wake yupo. Ninamkamua mimi."

Bi. Chaula akanitazama. Akachukua kalamu, akaandika jina langu pembeni ya jina la Tumwidike. La kwake hakulikata. Kisha akagonga mhuri.

Jumatatu Kihwele alifika ofisini mapema, akasimama nyuma ya kiti cha Wende. "Haya, vipunguze," akasema. "Lakini taratibu."

Wende akafuta kimoja, akafungua folda akamwonyesha barua bado ipo. Akafuta cha pili, akamwonyesha. Kufikia cha kumi mtendaji alikuwa ameacha kujishika kifua. Vikabaki vinane, vya kazi za kila siku, navyo vimepangwa upande mmoja kama watoto wa shule mstarini. Vingine vyote vilipoondoka tukagundua kwamba nyuma yake kulikuwa na picha ya bonde la kijani. Miaka mitatu ilikuwepo, hakuna aliyejua. Kihwele akaiangalia muda mrefu, akauliza ni wapi kule, Wende akasema hajui, bosi, ilikuja na kompyuta.

Tangi tulilipata, likafungwa hapa kabla ya mahindi kukomaa. Nguruwe wa mtendaji walikonda kwa heshima. Na maneno ya Sikitu yakashuka na magari ya maziwa mpaka vijiji ambavyo havijui habari ya flashi wala ya Kihwele. Anaambiwa hayo mchumba aliyekuja na picha ya nyumba asiyoijenga. Anaambiwa fundi mwenye vyeti ukutani na paa lake linavuja. Mwaka ule wa kampeni alikuja hapa mgombea na kofia na fulana zenye sura yake, akazungumza saa nzima, na alipomaliza akauliza kama tuna swali. Bibi mmoja akainuka nyuma kabisa, akasema hana swali, ana neno moja tu: aliyebeba kibao hajabeba duka.