Kobe na Udongo wa Nyayo

Paukwa!

Pakawa.

Haya, sogeeni, mkubwa kwa mdogo. Hadithi hii nilipewa na marehemu mume wangu, Mungu amlaze pema. Nawapa taratibu, kama alivyonipa.

Hapo zamani, wanyama walimfukuza Simba, mfalme aliyekifunga kisima chao cha pekee kila alipotaka. Wakatandaza udongo mbichi kando ya maji. Kila mnyama akakanyaga, pwata, akiapa: "Anayetangulia kufika atatangulia kunywa. Neno hili halibadiliki mpaka tuitwe sote, tukubaliane."

Udongo ukakauka, ukawa mgumu kama jiwe. Wakamweka Tembo awe mkuu wa baraza. Wakamweka Kobe awe mwamuzi.

Kiangazi kikaja. Maji yakapungua. Wakubwa wa baraza wakakaa peke yao, wakatoa amri: wakubwa wanywe kwanza, na mwamuzi anywe pamoja nao. Wadogo wakaachiwa tope.

Kobe akanywa siku ya kwanza. Akanywa siku ya pili. Siku ya tatu akaja Digidigi na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka.

"Babu mwamuzi," akasema, "leo nimefika kabla ya wote. Nimezuiwa. Mwanangu haoni kesho. Niamulie."

Tembo akapepea masikio. "Amri ni ya baraza. Na wewe Kobe umekunywa kwa amri hiyo hiyo."

"Nimekunywa," Kobe akasema. "Mungu anisamehe."

Akatambaa, kwaru, kwaru, mpaka kwenye udongo wa nyayo. Akasimama juu yake.

"Baraza limezaliwa na kiapo hiki. Mtoto hamwamuru mama yake. Amri inayopinga kiapo si amri. Imeanguka, na fungu langu limeanguka nayo."

"Nani atatulazimisha?" Tembo akauliza. "Huna pembe. Huna hata meno."

"Sina. Ila unyayo ule mkubwa ni wa nani, mwanangu?"

Tembo akatazama. Ulikuwa wake. Alipoinua kichwa, Kobe alikuwa ameshaondoka pale mbele. Anakwenda nyuma ya mstari wa wanaongoja maji, kwaru, kwaru.

Fisi akamtania. "Mzee, mpaka zamu yako ifike, itakuwa masika."

"Basi nitakunywa ya mvua."

Wakacheka wote. Tembo naye akacheka, akarudi nyuma hatua tatu. Mtoto wa Digidigi akainama. Lwap, lwap, lwap. Akanywa mpaka tumbo likawa duara.

Kobe alipofariki, mwamuzi aliyemfuata alikanyaga kwanza udongo ule, ndipo akaamua. Aliyekuja baada yake, vivyo hivyo. Mabaraza yakaja, yakapita. Kisima hakikufungwa tena.

Basi, wanangu, anayetoa amri naye yuko chini ya kiapo. Na mwamuzi huaminiwa akianza kujihukumu mwenyewe.

Hadithi yangu imefika kisimani. Naitua hapa.