Mama Marianta na Neno Pneuma

Imesimuliwa na waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Wanubi, zama za wafalme Wakristo, aliishi mtawa mcha Mungu aitwaye Mama Marianta. Alikuwa amejaliwa elimu ya Kiyunani. Kila Jumapili alisimama kanisani akiisoma Injili kwa lugha hiyo, kisha akawafasiria watu kwa Kinubi, nao waliyashika maneno yake bila kuyahoji.

Lilikuwapo neno moja lililomsumbua miaka mingi. Neno hilo ni pneuma. Wayunani hulitumia kwa upepo uvumao, hulitumia kwa pumzi itokayo puani mwa mtu, na hilohilo hulitumia kwa roho, awe Roho Mtakatifu au pepo mchafu. Pale Bwana wetu alipozungumza na yule mwalimu wa Kiyahudi aliyemwendea usiku, neno hilo limekuja kwanza kwa maana ya upepo, na papo hapo likarudi kwa maana ya Roho. Mama Marianta akifika hapo aliurudia mstari kwa Kiyunani kabla ya kufasiri. Kinubi, chenye neno lake kwa kila maana, kilimtaka achague, naye aliogopa kuchagua vibaya.

Basi mwaka mmoja ikazuka habari ya kutisha. Juu ya kijiji palikuwa na makaburi ya wapagani wa kale, yaliyochongwa ndani ya mwamba. Katika mojawapo ilianza kusikika pumzi. Ilivutwa taratibu, ikakaa, ikaachiliwa, mchana kweupe, hata siku ambazo jani halitikisiki. Wachungaji wakahamisha mbuzi wao. Wanawake wakawa wanapeleka mikate mlangoni ili kumtuliza aliyemo, na wakirudi asubuhi hawakuikuta. Kisha mjane mmoja akaapa kwamba ameisikia pumzi ile ikilitaja jina la marehemu mumewe. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kupanda tena, hata kwa mkate.

Mkuu wa kijiji, mzee Papasa, akaamua kaburi lizibwe. Wanaume wakabeba mawe na udongo uliokandwa, na Mama Marianta akaitwa aende nao.

"Mama," mzee Papasa akamwambia walipofika, "wewe ndiye unayetufasiria habari za Roho na za pepo. Sikiliza, kisha tutajie hiki ni kipi. Ukisema ni pepo, tunaziba sasa hivi."

Mama Marianta akasogea mlangoni. Ilikuwa adhuhuri, wala hapakuwa na upepo. Hewa ya baridi ikatoka gizani, ikamgusa shavu, kisha ikarudi ndani, kana kwamba mlima wenyewe umelala usingizi. Alijua kuwa neno moja kutoka kinywani mwake lingelimaliza jambo hili, naye angerudi kwenye sala zake kwa amani. Neno hilo lilikwisha kumfika ulimini.

"Sijui," akasema.

"Hujui? Wewe uliyetufundisha?"

"Mzee wangu, katika Kiyunani upepo, pumzi na roho vina neno moja. Nikisimama hapa nje siwezi kujua ni kipi. Nikibahatisha, nitakuwa nimesema uongo kwa kinywa hikihiki ninachosomea Injili. Niacheni niingie."

"Ukiingia hatutakufuata."

"Sikuwaomba mnifuate. Nawaomba msizibe kabla sijatoka."

Akawasha taa ya mafuta, akainama, akaingia. Kwenye kuta walichorwa watu wenye vichwa vya ndege na vya mbwa, na macho yao yalionekana kumgeukia kila taa ilipopita. Pumzi ikazidi kuwa kubwa, lakini haikuwa na upande. Mara iko mbele yake, mara iko kisogoni. Akaanza kuisali sala ya Bwana kwa Kiyunani, na katikati akakwama kwa hofu. Hapo sauti kavu, isiyojulikana kama ni ya mwanamume au ya mwanamke, ikaiendeleza sala palepale alipokomea, kwa Kiyunani.

Alitamani kukimbia. Lakini akauliza kwa Kinubi, "Ni nani wewe unayesali?"

"Asti," sauti ikajibu.

Asti alikuwa binti yatima, mpwa wa mzee Papasa. Ukoma ulipomshika usoni, mjomba wake alimfukuza kijijini, na baadaye akatangaza kwamba amefia jangwani. Kabla ya hapo alikuwa akiketi nyuma ya mlango wa kanisa, na sala zile alizishika kwa kusikia tu. Sasa maradhi yalikuwa yamemla koo. Hakuweza kupaza sauti, ila pumzi yake ilikoroma, na mwamba ukaikuza. Aliishi kwa ile mikate, na ilipokoma kuletwa akalala chini akingojea mauti.

Mama Marianta akapiga magoti, akainama mpaka pumzi ile ikamgusa uso. Ilikuwa ya moto.

"Twende, mwanangu."

"Na mwenzako haji?"

"Mwenzangu yupi?"

"Aliyekuwa amekaa nami hapa. Kila nilipochoka kuvuta pumzi, yeye alivuta, nami nikamfuata. Nilidhani ni wewe, Mama."

Mama Marianta hakuiinua taa kutazama. Alimbeba mgongoni, akatoka naye.

Wanaume wakarudi nyuma. Mzee Papasa alikuwa bado amekumbatia jiwe.

"Mjomba," Asti akasema.

Mzee akaliweka jiwe chini polepole, akaketi mchangani, akajifunika uso. Alipoinuka alivua shuka yake, akamsitiri mpwa wake mbele ya watu wote. Baadaye alimjengea chumba uani kwake, akawa anampelekea chakula kwa mkono wake mwenyewe hadi mwisho wa siku zake.

Lakini walipokuwa wangali wamesimama pale, ndani ya kaburi tupu pumzi ilisikika tena. Ikavutwa, ikakaa, ikaachiliwa. Wote waliisikia. Kisha pakawa kimya, na haikusikika tena.

"Na hiyo je, Mama?" mzee Papasa akauliza kwa sauti ndogo.

"Huyu niliyembeba, pumzi yake nimeigusa. Ile nyingine siijui, wala sitawaambia naijua."

Ndugu waumini, lau mcha Mungu yule angeona haya kusema hajui, binti aliye hai angezikwa kwa neno la mwalimu wa Injili. Mola atujalie ulimi usiotangulia ukweli, na miguu ya kuingia pale tunapoogopa.