Mama Aliyejifunza Kiestonia

Kisa hiki nimetumiwa leo asubuhi, nimekisoma mara mbili. Nakupa na wewe.

Nakijwa alikuwa muuguzi, mzaliwa wa milima ya Upare. Alikwenda Estonia, nchi ndogo ya baridi kule kaskazini mwa Ulaya, akaahidiwa kazi hospitalini kwa sharti moja: afaulu kwanza mtihani wa lugha yao.

Lugha yenyewe ilimtoa jasho kwenye theluji. Kule, jina hubadilika mwishoni kufuatana na kazi yake katika sentensi. Binti akitajwa tu ni *tütar*. Chumba kikiwa cha binti, yeye huwa *tütre*. Na ukisema unamngoja binti, huwa *tütart*.

"Kwa nini abadilike, na mtu ni yule yule?" Nakijwa alimuuliza mwalimu wake, mama mtu mzima aitwaye Helvi.

"Kwa sababu kungoja ni jambo ambalo halijakamilika," Helvi alimjibu. "Unayemngoja hujampata. Kwa hiyo hata jina lake tunalitamka kwa umbo la kitu kisichotimia."

Nakijwa aliitikia kwa kichwa, lakini hakuelewa. Kila zoezi alikosea. Dukani akifungua mdomo, wauzaji walimjibu kwa Kiingereza. Jioni alirudi chumbani, akapika makande yasiyofanana na ya nyumbani, akala huku akitazama ukuta. Alitamani ukungu wa kwao, na sauti ya mtu wa kumuuliza tu, "Umeamkaje?"

Siku moja alimlilia mama yake kwenye simu. "Mama, huku sina hata mtu mmoja wa kuzungumza naye hii lugha."

Mama yake akasema, "Pole, mwanangu. Ngoja nikaangalie jiko."

Nakijwa aliumia. Alidhani mama hakumsikia. Tangu hapo akawa hapigi simu mara kwa mara.

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, akaanguka mtihani. Siku hiyo hiyo alifunga mizigo yake, akampigia mama kumwambia anarudi.

Simu ilipokewa. Kabla hajasema neno, akasikia sauti ya mama yake, nzito, ikipanda taratibu kama mtu anayepanda mlima na kuni kichwani:

"*Tere. Ma ootan tütar.*"

Hujambo. Namngoja binti.

"Ni *tütart*, mama," Nakijwa alisema bila hata kufikiri. Kisha akashika mdomo. "Mama! Nani amekufundisha?"

"Jirani yetu Namsifu alinitafutia masomo kwenye simu yake. Kila nikimaliza kumwagilia bustani naenda kwake. Ulisema huna wa kuzungumza naye. Nikasema, basi, uwe na mimi japo mmoja." Mama akakohoa kwa aibu. "Sasa hiyo *t* ya mwisho ya nini?"

Nakijwa alikaa juu ya begi lake. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kwa sababu unaningoja, mama. Hujanipata bado. Ndiyo maana jina langu halijatimia."

Mama alilirudia neno lile, safari hii na *t* yake.

"Hao watu," mama alisema polepole, "wanajua kungoja."

Nakijwa akamweleza kuwa amefeli na kwamba anarudi nyumbani.

"Urudi?" mama aliruka. "Na mimi hiki Kiestonia changu nitaongea na nani hapa, na mbuzi?"

Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka wakalia tena. Usiku ule Nakijwa alifungua begi, akarudisha nguo zake kabatini.

Wakawa wanazungumza kila jioni, wakikosea na kusahihishana. Mtihani uliofuata alifaulu, akapewa wodi ya wazee.

Alipopata likizo ya kwanza, alipanda ndege kurudi Upare. Mama alikuwa amejiandaa wiki nzima kumpokea kwa maneno ya Kiestonia. Lakini alipomwona binti yake akikwea njia ya nyumbani, yote yalimtoka kichwani. Walikumbatiana pale pale kwenye bustani ya maharage, wakalia kwa Kipare.

Funzo: Anayekupenda kweli hataishia kukuambia "vumilia". Atajifunza hata jina la mzigo wako, ingawa hawezi kukutua. Ukiwa na mtu wa namna hiyo, usiache siku ipite bila kumpigia.